Samaki wa dhahabu ana madoa meupe: tafuta chanzo kwanza, kisha tibu mpaka mwisho

Ugonjwa wa madoa meupe, unaoletwa na kimelea, unatibika, na samaki wa dhahabu ni miongoni mwa samaki wanaovumilia vizuri matibabu yake. Wengi wanaokufa hufa kwa mambo mawili: kutibiwa ugonjwa ambao hawana, au kukatiziwa dawa siku ile ile madoa yanapopotea. Hili la pili ndilo linaloniuma zaidi, maana mtu ameshagharamia dawa, ameshahangaika kubadilisha maji usiku na mchana, halafu anaacha kazi ikiwa imebaki siku chache tu.

Kwa hiyo nenda hatua kwa hatua. Usimimine chochote tangini kabla hujamtazama samaki vizuri.

Je, ni ugonjwa huu kweli?

Subiri usiku, zima taa ya chumba, washa tochi ya simu. Usimmulike samaki usoni. Weka mwanga pembeni mwa kioo ili upite ubavuni mwake. Doa la ugonjwa huu limeinuka kidogo juu ya ngozi, lina ukubwa wa punje ya chumvi, halizidi milimita moja, na madoa yametawanyika ovyo: mengine kwenye mkia, mengine mgongoni, mengine kwenye mapezi. Kwa samaki mweupe au mwenye rangi ya machungwa iliyopauka, mwili hautakuambia kitu. Tazama mapezi yanapokatiza kwenye mwanga; hapo ndipo doa hujitokeza hata likiwa moja. Piga picha. Kesho usiku piga nyingine. Ugonjwa huu haukai palepale: leo madoa 3, kesho 15, keshokutwa huwezi kuyahesabu.

Sasa yale yanayowadanganya watu.

Madoa yamejipanga kwenye vifuniko vya mashavu na kwenye mfupa wa mbele wa mapezi ya kifuani, kwingine kote hakuna, na samaki anakula kwa pupa na kuwafukuza wenzake. Huyo ni dume aliyekomaa na anataka kuzaa. Vipele hivyo ni vigumu, vina mpangilio, na pande zote mbili za mwili hufanana. Vitakaa wiki kadhaa, kisha vitaondoka vyenyewe. Madume wengi wazima wamemiminiwa dawa ya madoa meupe kwa sababu ya vipele hivi, nami nakuomba sana ulitazame hili kabla ya lolote.

Madoa yametokea saa chache baada ya kubadilisha maji na yanang'aa: hayo ni mapovu madogo ya hewa. Kesho hayapo.

Samaki ni oranda, yaani ile aina ya samaki wa dhahabu yenye nyama kama kofia kichwani, na weupe uko kwenye nyama hiyo peke yake: mara nyingi ni nyama inayokua. Mwache.

Weupe ni wa manyoyanyoya, kama pamba iliyolowa: huo ni ukungu au bakteria, na kwa kawaida umeota juu ya kidonda. Matibabu yake ni mengine. Uvimbe mmoja mkubwa mweupe au wa waridi ukingoni mwa pezi, usiosambaa kwa wiki nzima, kwa kawaida unatokana na virusi na hauna dawa. Maji safi ndiyo tiba yake. Kama ngozi ina vumbi laini sana la rangi ya dhahabu au kutu, linaloonekana tu kwa tochi, hicho ni kimelea kingine, nacho kinaweza kuua haraka.

Hakuna doa hata moja, lakini anajikwaruza na kuhema

Hii ni dalili ya mapema na ndiyo inayopuuzwa. Samaki anakwenda polepole, ghafla anajipindua na kujisugua ubavu kwenye changarawe au bomba la filta, kisha anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Mapezi yamebana mwilini. Mwingine anasimama karibu na uso wa maji na mashavu yanakwenda mbio.

Kimelea hiki hupenda matamvua, yaani zile nyama nyekundu za kupumulia zilizo ndani ya mashavu. Samaki anaweza kufa matamvua yakiwa yamejaa na ngozi ikiwa safi kabisa. Lakini kuhema na kujikwaruza pia husababishwa na maji mabaya, na hilo ndilo la kuondoa kwanza kwa sababu ni rahisi kulipima na linaua kwa saa, si kwa siku.

Jiulize ilianza lini. Kama ilianza muda mfupi baada ya kuweka maji ya bomba, ni klorini: weka dawa ya kuondoa klorini sasa hivi. Kama tangi lina wiki chache tu tangu lianzishwe, au juzi umeosha filta yote kwa maji ya bomba, shuku amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki. Samaki wa dhahabu huchafua maji kuliko samaki wengi wa saizi yake, na bakteria wa kusafisha uchafu huo wanaishi ndani ya filta. Ukiwaua, amonia na nitriti, sumu nyingine ya uchafu huo, hupanda. Kipimo cha matone kikionyesha amonia au nitriti zaidi ya sifuri, badilisha maji theluthi moja leo, theluthi nyingine kesho, na uache kulisha kwa siku mbili. Kama huna kipimo, fanya hivyo hivyo. Ni nadra samaki kudhurika kwa maji safi yaliyotolewa klorini na yenye joto linalolingana na la tangi.

Kama maji ni mazuri, na katika siku za karibuni umeingiza samaki mpya, mmea mpya, au maji yaliyoletwa na mfuko wa dukani, chukulia kwamba ni madoa meupe hata kabla ya doa la kwanza kutokea.

Kwa nini doa unaloliona halifi kwa dawa

Hapa ndipo matibabu yote yanapoegemea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kimelea chenyewe kinaitwa Ichthyophthirius multifiliis. Mfaransa Fouquet ndiye aliyekieleza kitaalamu mwaka 1876. Ni kiumbe cha seli moja chenye vinyweleo vinavyokizungusha. Doa jeupe ni kimelea kimoja kilichojichimbia chini ya ngozi ya samaki, kinakula na kunenepa. Ngozi ya samaki mwenyewe inakifunika, na dawa ya majini haikifikii.

Kikishiba kinatoboa na kutoka. Kinaanguka chini, kinajinata kwenye changarawe, mmea au kioo, kinajijengea kifuko, na ndani yake kinagawanyika mara nyingi. Kifuko kimoja kinaweza kutoa watoto mamia, hata kufika 1,000. Kifuko nacho hakiguswi kirahisi na dawa.

Watoto wanapotoka wanaogelea kutafuta samaki. Wana siku mbili hivi, tatu au nne kwa kuchelewa, wasipompata wanakufa. Hapo tu, katika muda huo mfupi wakiwa uchi majini, ndipo chumvi na dawa zinawaua.

Kwa hiyo dawa unayoweka leo haitibu madoa ya leo. Inakaa majini ikisubiri watoto wa madoa ya leo. Ukiiondoa kabla hawajatoka wote, umerudi mwanzo, na safari hii samaki ana vidonda.

Kasi ya mzunguko huu inaamuliwa na joto la maji. Kwenye nyuzi 24 hadi 26 za Selsiasi unakamilika kwa siku 3 hadi 6. Kwenye nyuzi 15 ni kama siku 10. Chini ya nyuzi 7 unazidi wiki 5. Ndiyo maana ushauri wa mtu wa Mombasa unaweza kumponza mtu wa Nairobi. Tangi la Dar es Salaam au Mombasa lisilo na hita linakuwa na joto sehemu kubwa ya mwaka: ugonjwa unakwenda mbio, samaki anaweza kufa ndani ya wiki, ila na matibabu nayo ni mafupi. Tangi la Nairobi, Arusha au Mbeya mwezi Julai lina maji baridi: madoa yanakaa kwenye ngozi siku nyingi, mtu anadhani dawa ni feki, anaongeza dozi. Dawa si feki. Kimelea hakijatoka tu.

Nunua kipimajoto. Bila hicho hujui utibu siku ngapi.

Anza na chumvi na mpira wa kunyonya

Ugonjwa ukikamatwa mapema, hii ndiyo njia ninayoiamini kuliko zote, na ni rahisi mfukoni.

Pima maji kwanza. Urefu mara upana mara kina cha maji, kwa sentimita, gawanya kwa 1,000. Tangi la sentimita 60 kwa 30 lenye maji ya kina cha sentimita 30 ni lita 54. Ukitoa changarawe na mapambo, hesabu 50. Lengo ni gramu 3 za chumvi kwa kila lita, yaani gramu 150 kwa tangi hilo. Tumia mizani ya jikoni. Kijiko kinadanganya, kwa sababu chumvi ya mawe na chumvi laini hazijai sawa kijikoni. Madini joto yaliyomo kwenye chumvi ya kawaida ya dukani ni kidogo mno kumdhuru samaki, hivyo usihangaike kutafuta chumvi ya aina ya pekee. Kinachotakiwa ni chumvi isiyo na viungo.

Usiiweke yote mara moja. Gramu 50 leo asubuhi, 50 jioni, 50 kesho asubuhi. Kila sehemu iyeyushe kwanza kabisa kwenye jagi la maji ya tangi, kisha mimina taratibu pale filta inapotolea maji. Punje isiyoyeyuka ikimwangukia samaki inamchoma.

Chumvi haivukizwi. Maji yakipungua kwa kukauka, ongeza maji matupu. Ukitoa lita 15 chafu, lita 15 unazorudisha ziwe na gramu 45 za chumvi. Watu wa pwani, angalieni pia maji yenu: visima vingi vya ukanda huo vina maji ya chumvichumvi tayari. Kama maji yako unayaonja chumvi ulimini, usiongeze kiasi kamili. Tafuta maji mengine kwa kipindi cha matibabu.

Toa mimea na konokono kabla ya chumvi, uwaweke kwenye ndoo isiyo na samaki. Wengi wao hawaivumilii. Hata samaki wa jamii ya kambare wanaowekwa tangini kula mwani wana shida na chumvi na dawa kuliko samaki wa dhahabu.

Kisha mpira. Kila siku, au kila siku ya pili ukibanwa, nyonya sakafu ya tangi. Vifuko viko pale chini. Kila unachonyonya kinaondoka na mamia ya watoto ambao dawa isingelazimika kuwawinda. Ikiwezekana toa changarawe yote kwa kipindi cha matibabu. Sakafu tupu ya kioo inasafishika kwa dakika tano.

Ongeza hewa. Lita ya maji ya nyuzi 20 inabeba takriban miligramu 9 za oksijeni. Ya nyuzi 30 inabeba kama 7.5. Nairobi, kwa sababu ya mwinuko, hupungua tena kwa karibu moja ya tano. Samaki mwenye matamvua yaliyojeruhiwa anahitaji kila chembe. Weka jiwe la hewa, na kama umeme wa kwenu hukatika ovyo, tafuta pampu ya hewa ya betri kabla ya usiku wa kwanza.

Vipi kuhusu kupandisha joto?

Kwa anayeishi kwenye baridi, hita inasaidia: inafupisha mzunguko. Panda polepole, nyuzi 1 au 2 kwa siku. Lakini nyuzi 25 au 26 bila chumvi wala dawa ni kukilea kimelea, maana hilo ndilo joto linalokifanya kizaane haraka. Joto na chumvi viende pamoja.

Kufika nyuzi 30, ambapo aina nyingi za kimelea hiki hushindwa kuzaana, kunawezekana kwa samaki mwenye nguvu na hewa ya kutosha. Kwa samaki wa dhahabu wa mwili wa mviringo anayehema tayari, mimi nisingefanya hivyo. Samaki huyu asili yake ni maji ya baridi. Na kwa mtu wa Dar ambaye maji yako tayari kwenye nyuzi 28 au 29, hita haina kazi. Tumia nguvu zako kwenye hewa.

Siku ya nne, madoa yameongezeka

Hii si dalili ya kushindwa. Vimelea vilivyojichimbia siku moja kabla ya chumvi vilikuwa vidogo mno kuonekana, sasa vimenenepa. Kwenye maji ya joto ongezeko hili halipaswi kuendelea baada ya siku ya sita au ya saba. Likiendelea, kagua kwanza hesabu ya lita na gramu. Kama hesabu ni sahihi, nenda kwenye dawa ya chupa.

Dawa nyingi za madoa meupe zina rangi ya kijani ya malakaiti, peke yake au pamoja na formalini. Zinafanya kazi, na zina masharti. Toa mkaa kwenye filta, kwa sababu unainyonya dawa. Punguza mwanga, kwa kuwa mwanga unaivunja malakaiti. Vaa glavu. Fuata dozi ya kwenye chupa kwa lita halisi ulizopima, badilisha maji kabla ya kila dozi mpya, na usichanganye na dawa nyingine ya chupa. Formalini hupunguza oksijeni majini. Na chupa yenye mashapo meupe chini usiitumie kabisa, maana mashapo hayo ni sumu kali. Na neno kwa wafugaji wa sato na perege: malakaiti haina nafasi kwenye bwawa la samaki wa kuliwa. Ulaya na Marekani haziiruhusu kwa samaki hao, kwa sababu mabaki yake hukaa kwenye nyama.

Usifungue kapsuli ya tetrasaiklini au amoksilini ukaimwaga tangini. Naliona hili mara kwa mara, na linatoka kwenye upendo, lakini kimelea hiki si bakteria. Utakachoua ni bakteria wa filta, kisha amonia imalize samaki.

Anahema juu ya maji baada ya kuwekewa dawa

Badilisha nusu ya maji mara moja kwa maji yaliyotolewa klorini na yenye joto lile lile, ongeza hewa, usirudishe dawa siku hiyo. Pima amonia. Sababu za kawaida ni tatu: dozi iliyohesabiwa kwa lita nyingi kuliko zilizopo, dawa iliyodhoofisha filta, au matamvua yaliyokwisha kuharibika. Mbili za kwanza unaziweza.

Huna dawa, huna chumvi ya kutosha, samaki ni mmoja au wawili

Tumia vyombo viwili. Kwenye maji ya nyuzi 25 hadi 29, mhamishe samaki asubuhi na jioni kwenda kwenye beseni kubwa lililo safi na kavu, lenye maji mapya yaliyoandaliwa na jiwe la hewa. Kimelea kilichoanguka usiku kinabaki kwenye beseni la zamani kabla kifuko hakijapasuka. Mwaga, sugua, anika juani mpaka likauke kabisa, kukauka kunakiua. Endelea kwa wiki moja na siku chache. Ni kazi ya kuchosha, lakini haina sumu, na kwa samaki dhaifu sana naichagua kuliko malakaiti.

Madoa yamekwisha. Niache lini?

Maji yakiwa juu ya nyuzi 25, endelea siku 7 kamili baada ya doa la mwisho kupotea. Nyuzi 18 hadi 22, wiki mbili zaidi. Chini ya hapo, wiki tatu au nne. Baada ya hapo chumvi itoke polepole kwa kubadilisha maji kidogo kidogo, siyo kwa kumwaga tangi lote. Sehemu madoa yalipotoboka huachwa na matundu madogo; ukiona pamba inaota hapo au pezi linaliwa pembeni, hiyo ni bakteria au ukungu umepata mlango, na maji masafi ni muhimu kuliko wakati wowote.

Yamerudi baada ya mwezi

Ama uliacha mapema, ama kuna kilichoyaleta upya. Samaki aliyepona hupata kinga kiasi, na anaweza kubaki na vimelea vichache asionekane mgonjwa; maji yakichafuka au joto likishuka ghafla, vinapata nafasi. Angalia pia kijavu, yaani wavu mdogo wa kumtolea samaki, na ndoo unazotumia kwenye tangi zaidi ya moja.

Tangi lililofiwa samaki wote halihitaji kuvunjwa. Liache bila samaki yeyote wiki mbili kwa joto la pwani, wiki tano au zaidi kwenye baridi, filta ikizunguka. Watoto wakitoka hawana pa kwenda. Filta ikizunguka bila samaki, watilie bakteria wake punje chache za chakula kila siku ya pili ili wasife njaa.

Samaki mpya akifika, mweke kwenye chombo chake chenye filta au hewa yake: wiki mbili pwani, wiki nne bara kwenye baridi. Mfuko aliokuja nao uelee dakika 15 juu ya maji ya chombo hicho, pasipo na jua kali, kisha mtoe kwa kijavu, na yale maji ya dukani yaende chooni.